Kiti Kinachosubiri Mgeni Rasmi

Jumamosi, 5 Julai

Kikao cha saa nne kimeanza saa tano na nusu. Kama kawaida. Tumekaa kwenye viti vya chekechea, magoti karibu na kidevu, kwa sababu mwenye shule anatuazima darasa kila Jumamosi na viti vyake ndivyo hivyo. Ukutani picha ya bata, picha ya chungwa, picha ya embe. Wajumbe kumi na mmoja. Akidi imetimia kwa shida, baada ya kumpigia simu mjumbe mmoja aliyekuwa saluni.

Ajenda zilezile. Kufungua. Kusoma muhtasari. Yatokanayo. Mengineyo. Kufunga. Mambo yote ya maana ya klabu yetu ya misaada hulala kwenye Yatokanayo wiki baada ya wiki, au huibuka kwenye Mengineyo watu wakishashika mikoba. Huu ni mwaka wa nne niko katibu. Nimechoka. Naandika hapa kwa sababu kwenye muhtasari hakuna mahali pa kuandika kwamba katibu amechoka.

Leo lakini kulikuwa na jambo. Kiti cha magurudumu kimefika kutoka Kariakoo. Kipya, kwenye boksi lake, kimefungwa nailoni, kinanuka mpira. Ni cha Mzee Nangumbi, mchonga vinyago wa kule bondeni upande wa Wazo, aliyekatwa mguu wa pili mwezi wa tatu kwa ugonjwa wa sukari. Tumechangisha watu tangu Kwaresma. Nilifurahi kweli. Nilidhani tungekipeleka leo leo, ni robo saa tu kwa bajaji.

Mwenyekiti akasema taratibu, Katibu. Mwenyekiti wetu ni Mama Shufaa, muuza vitenge wa Boko, mwanamke wa sauti na mipango. Akafungua katiba ya klabu akasoma Kanuni ya 14: msaada wowote utakabidhiwa kwa mlengwa hadharani, mbele ya mgeni rasmi. Mgeni rasmi atakuwa Mheshimiwa diwani. Tarehe 19. Kiti kimeingizwa stoo ya shule. Ufunguo ninao mimi.

Kanuni ya 14 niliiandika mwenyewe. Ni ule mwaka vyandarua vilipotoka stoo kwenda kwa wajane na njiani vikawa nusu. Nikaona dawa ni watu waone. Nakumbuka nilivyoringia lile neno "hadharani". Miaka thelathini ya masjala ilikuwa imenifundisha kwamba neno zuri hufunga mlango.

Jumapili, 6 Julai

Kanisani. Nimesinzia wakati wa mahubiri, mke wangu akanifinya. Magoti yanauma kwa vile viti vya watoto. Sina la zaidi.

Jumatano, 9 Julai

Nimekwenda kwa Mzee Nangumbi na fomu ya mlengwa. Inataka picha mbili za pasipoti na sahihi. Sijui kwa nini anayepewa kiti atoe picha mbili. Fomu nayo niliitunga mimi.

Nimekuta Mama Fides, mkewe, amembeba mgongoni kumtoa chooni. Mama huyu ana umri wa kuwa bibi mara nne. Amembeba kama mtoto, amemfunga na kanga, mikono ya mzee imening'inia mbele ya kifua chake. Nimeangalia pembeni. Mzee alikuwa mtu mkubwa, mabega ya kupasua magogo. Sasa kila anayepita njiani anamwona anavyobebwa.

Banda lake la uchongaji liko hatua ishirini kutoka mlangoni. Hajalifikia tangu mwezi wa tatu. Gogo la mpingo aliloliacha nusu limeota vumbi. Nimemwamkia shikamoo, akaitika, akauliza kama kiti kimefika. Nikasema kimefika. Akauliza kiko wapi. Stoo. Kinafanya nini stoo?

"Kinasubiri mgeni rasmi, Mzee."

"Kwani na yeye kakatwa miguu?"

Nikamsogezea fomu. Ametia sahihi. Mkono wake bado ni mzuri, sahihi imenyooka kuliko yangu.

Jumamosi, 12 Julai

Kikao cha maandalizi. Kamati tatu zimeundwa: chakula, mapambo, itifaki. Wajumbe kumi na mmoja, kamati tatu, mimi niko katika zote kama katibu. Turubai moja. Viti vya kukodi sitini. Tunakodi viti sitini ili watu wakae watazame kiti kimoja kikitolewa. Nimelisema hilo kwa sauti. Hakuna aliyecheka.

Saa nzima imeishia kwenye sare. Kitenge cha kijani au cha bluu. Mwenyekiti anauza vyote viwili, kwa hiyo hana upendeleo. Kijani kimeshinda. Keki ya umbo la kiti cha magurudumu ilipendekezwa. Imekataliwa kwa tofauti ya kura mbili.

Kwenye Mengineyo nimeuliza kama mzee anaweza kuanza kukitumia kiti huku tunasubiri. Mwenyekiti kasema subira yavuta heri. Nimeandika "hoja ilipokelewa". Kwenye muhtasari maana yake hoja imezikwa.

Ijumaa, 18 Julai

Saa kumi jioni ujumbe kutoka kwa msaidizi wa Mheshimiwa. Ana dharura. Anatutakia kila la heri. Turubai limeshasimikwa.

Jumamosi, 19 Julai

Nimetumwa mimi kumwambia. Katibu ndiye wa habari mbaya, habari njema anatoa Mwenyekiti.

Nimemkuta amekaa kitandani tangu alfajiri. Amenyolewa. Amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikono ina makali. Mama Fides amempaka mafuta usoni. Suruali ameikunja vizuri chini ya mapaja, ameibana na pini. Nilipoingia alinyoosha mikono akidhani nimekuja kumbeba.

Nikamwambia. Akasema haya. Akajilaza na shati lake, akageukia ukutani. Mama Fides akanikaribisha chai. Nilikunywa kwa aibu, na ilikuwa nzuri, ina mchaichai.

Pilau ya wageni imeliwa na wajumbe. Haikuwa na maana kuiacha iharibike. Nilikula na mimi.

Jumatano, 23 Julai

Mama Fides amekuja nyumbani. Sijawahi kumwona huku kwetu. Mkono wa kulia ameufunga na kipande cha kanga. Jumatatu asubuhi waliteleza pamoja karibu na choo, yeye chini, mzee juu yake. Bega limetoka mahali pake, mganga wa zahanati amelirudisha, amekatazwa kubeba hata ndoo.

Tangu hapo mzee hataki kutolewa nje. Anatumia kopo. Hali chakula, uji nusu kikombe asubuhi basi. Hasemi. Mama Fides hakulalamika. Alisema maneno yafuatayo, nayaandika kama yalivyo: "Baba, mie nimekuja kuuliza tu. Huyo mgeni akichelewa sana, kiti atapewa nani?"

Mke wangu alikuwa anachambua mchele. Aliacha kuchambua. Baada ya mgeni kuondoka hakuniambia kitu, na mimi namjua, akinyamaza ndiyo amesema.

Jumamosi, 26 Julai

Wajumbe wanane. Hakuna akidi, tumekaa hivyo hivyo. Tarehe mpya ya Mheshimiwa ni 16 Agosti. Wiki tatu.

Sikusubiri Mengineyo. Nimesimama kwenye Yatokanayo, goti likalia, nikaeleza habari ya bega na habari ya uji. Nimesema mtu anakufa kwa kukaa ndani na kiti chake tunacho. Bi Rehema, mwalimu mstaafu, alikuwa analengwalengwa na machozi. Mwenyekiti akasikitika, nadhani kwa kweli. Halafu akasema, "Katibu, Kanuni ya kumi na nne umeiandika wewe, na ulituambia asije akatokea mtu wa kuipindisha." Kweli nilisema. Sheria ni msumeno, inakata mbele na nyuma. Mwenyekiti akamalizia na mgeni njoo mwenyeji apone. Mwenyeji wetu haponi. Anakonda.

Nina hasira. Nimetembea mpaka nyumbani ili zipungue na hazikupungua.

Jumatatu, 28 Julai

Nimeiba kiti.

Nianze mwanzo. Asubuhi saa tatu, watoto wako darasani wanaimba a e i o u, nimefungua stoo kwa ufunguo wangu mwenyewe, nimekitoa kiti. Mwalimu wa zamu akanisalimia, nikamwambia shughuli za klabu. Si uongo. Boksi lake nimelirudisha pale pale, nimelijaza mikeka ya watoto lisionekane tupu, nimelifunga gundi upya. Nimepiga pasi mikunjo ya lebo kwa kidole. Nina miaka sitini na mbili na sijawahi kuchukua hata kalamu ya ofisi.

Shaibu wa bajaji, ambaye ana mvi kama mimi, amekifunga kiti nyuma kwa kamba. Hakuuliza kitu. Pale kwenye kona ya malori ya saruji tumekutana na mjumbe wetu mmoja amesimama na sare ya kijani. Nimeinama kama nafunga kiatu. Nilikuwa nimevaa ndala.

Mzee alikuwa amelala amegeukia ukutani. Niliposema shikamoo hakuitika. Kisha akasikia magurudumu sakafuni. Akageuka. Nilitaka kuitoa ile nailoni taratibu, akaomba patasi yake ndogo, akaichana mwenyewe kwa mstari mmoja kutoka juu mpaka chini, kiti hakikupata hata mkwaruzo. Tumemwinua mimi na Shaibu. Hakuwa mzito. Hilo liliniumiza.

Hatua ishirini mpaka bandani. Amezisukuma mwenyewe. Alipofika akaweka kiganja juu ya lile gogo akakiacha hapo. Machozi yakamtoka bila sauti, hakuyafuta. Mama Fides akaingia jikoni. Shaibu akaenda kukagua matairi ya bajaji yasiyo na shida.

Mchana amekula ugali wa muhogo, akaongeza. Nimewaambia iwe siri, asitoke uani mpaka tarehe 16. Wameitika wote wawili kwa haraka sana.

Jumanne, 29 Julai

Nimelala vizuri. Sikutegemea.

Jumamosi, 2 Agosti

Kwenye Mengineyo mjumbe mmoja, kijana wa kampuni ya bima, kasema amemwona Mzee Nangumbi dukani akinunua ugoro. Akiwa kwenye wilichea. Anateremka mteremko kwa kasi na anaimba.

Watu wote wakanitazama. Nikasema labda ameazimwa. Na nani? Labda na watu wa kanisa. Nimeandika kwenye muhtasari: "Taarifa ya mjumbe ilipokelewa." Mwenyekiti aliangalia mlango wa stoo, halafu mfuko wa shati langu, ambamo ufunguo hukaa. Akafunga kikao kwa dua, ndefu kuliko kawaida.

Jumanne, 5 Agosti

Wanasema siku za mwizi ni arobaini. Zangu zimekuwa nane.

Mwenyekiti amekuja nyumbani peke yake, bila kilemba cha shughuli, na chupa ya asali kwa ajili ya mke wangu. Amekaa. Ameomba ufunguo. Nikampa. Akaniuliza ndani ya boksi kuna nini. Nikasema mikeka.

Nilitegemea ugomvi. Alicheka kidogo, kisha akachoka ghafla mbele yangu, mabega yakamshuka. Nilikuwa sijamwona amechoka. Akanieleza ambayo huwa hasemi vikaoni. Kuna watu sita wengine kwenye orodha, wa kwanza ni Bi Mwanahawa wa Boko, aliyepooza upande. Waliochanga kiti hiki wanataka kuona picha: kiti kipya, mgeni rasmi, mzee anafurahi. Bila picha hawatoi cha pili. Mheshimiwa akija atatusemea kwa wengine. Yeye Mwenyekiti anazunguka na sinia la maneno kila siku, anawabembeleza watu ambao hawapokei simu yake. "Mie sipendi hizo sherehe, Katibu. Vitenge nasimama navyo kutwa, Jumamosi ningelala."

Kwa hiyo tarehe 16 iko palepale. Hatasema kwa mtu. Lakini kiti kiwe kipya, kiwe kwenye nailoni, na mzee akabidhiwe kama hajawahi kukiona. Kwenda kumwambia hayo, kazi ya katibu.

Tatizo ni kwamba yuko sahihi. Ningependa asingekuwa.

Jumatano, 6 Agosti

Nimekwenda. Nimemkuta bandani, shati wazi, vumbi jeusi la mpingo mpaka kwenye nyusi. Gogo limeanza kuwa kitu. Bega la Mama Fides limepoa, alikuwa amekaa kwenye mkeka anamenya korosho. Amekaa tu. Sijawahi kumwona mama yule amekaa.

Halafu nikakitazama kiti. Zile pedi za kuwekea mikono, za mpira, hazipo. Mahali pake kuna mpingo. Kila mkono ameuchonga kwa umbo la kiganja kilicholala, vidole vinaishia mbele, kucha zinaonekana. Amesema mpira unamtoa jasho. Pedi zenyewe ziko uani, kuku wamezidonoa.

Nimekaa chini kwenye magamba ya miti. Nikamwambia yote: Mwenyekiti, picha, tarehe 16, arudi kitandani siku moja, apewe tena. Nilidhani atanifukuza. Aliendelea kupiga msasa. Akauliza nani anafuata kwenye orodha. Nikasema Bi Mwanahawa. Na yeye atasubiri mgeni? Nikasema ndivyo kanuni inavyosema.

Akasema atarudi kitandani mara moja tu, na kwa sharti. Hiyo kanuni niitoe. "Umeichonga wewe, si ndiyo? Basi pachonge tena."

Nimemwahidi. Sina mamlaka ya kuahidi. Nimempigia Mwenyekiti njiani nikamweleza sharti na mikono ya mpingo. Kuhusu sharti kasema tutaona. Kuhusu mikono akauliza kama ni mizuri angalau.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimechukua kiti saa kumi jioni. Nikamwahidi mzee: kesho saa nne umerudishiwa. Akasema haya.

Nimekiosha uani kwangu kwa mswaki. Udongo mwekundu kwenye kila spoki. Chini ya kikalio nimekuta vipande vya mpingo, ganda la korosho, na karatasi ya ugoro. Mke wangu ameleta nailoni mpya ya kufungia magodoro. Tumekifunga pamoja, yeye anashika, mimi napaka gundi. Kasema tunafanana na watu wanaofunga zawadi waliyoiiba kwa mwenye sherehe. Ndivyo ilivyo.

Jumamosi, 16 Agosti

Turubai. Viti sitini. Sare ya kijani. Spika zimeanza kupiga saa tatu.

Saa nne, Mheshimiwa hajafika. Saa tano hajafika. Saa sita msaidizi wake kasema wako njiani. Saa saba wako njiani. Tulikubaliana mzee aletwe kwa gari la Bi Rehema mgeni akishatua, asikae juani, kwa hiyo alibaki kwake. Nilitaka kukimbia kumwona. Itifaki ilinikataza, katibu ndiye mwenye risala.

Mheshimiwa ameshuka saa nane na robo. Mtu mpole, ameomba radhi, alitoka msibani. Hata kumchukia nimeshindwa. Mzee akaletwa, shati jeupe lilelile, wamembeba watu wawili juu ya kiti cha plastiki. Uso umemkauka. Nimesoma risala kurasa tatu. Utepe ukakatwa, nailoni ikachanwa kwa mkasi.

Mheshimiwa akaiona ile mikono ya mpingo. Akaishika. Akasema sasa viwanda vimeanza kuthamini utamaduni, kiti hiki kimenunuliwa duka gani, na yeye apate kuagiza. Mwenyekiti akakohoa. Mimi nikasoma risala yangu upya kimoyomoyo. Mzee ndiye aliyejibu. Akasema hilo duka lipo huku huku bondeni, ila fundi wake kwa sasa ana kazi nyingi. Watu wakapiga makofi bila kujua wanapigia nini.

Wakamweka kitini. Mheshimiwa akamsukuma hatua tatu kwa ajili ya picha. Hapo mzee akalia. Si kama ile siku ya bandani. Alilia kwa sauti, kifua kinapanda na kushuka, ameshika vile viganja vya mpingo kwa nguvu zote. Kina mama wakapiga vigelegele. Mpiga picha akapiga magoti mbele yake. Nikajiambia, huyu mzee ni mwigizaji kuliko wote niliowahi kuwaona.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimeandika taarifa ya tukio kwa ajili ya faili na kwa ajili ya waliochanga. Chini ya picha nimeweka: "Mzee Nangumbi akitokwa na machozi ya furaha." Mwenyekiti ameisifu. Picha imezunguka kwenye makundi yote ya simu. Leo mchana amepigiwa na mtu ambaye alikuwa hapokei simu yake. Kiti cha Bi Mwanahawa kimepatikana.

Jumamosi, 23 Agosti

Kikao, saa tano kasoro. Wajumbe kumi na mmoja. Viti vilevile, bata yuleyule.

Kwenye Mengineyo, watu wameshashika mikoba, Mwenyekiti kasema kuna marekebisho madogo. Kanuni ya 14, maneno ya mwishoni, "mbele ya mgeni rasmi", yaondolewe. Wajumbe wawili watatosha kushuhudia. Kuna anayepinga? Mmoja alikuwa anatafuta funguo za pikipiki. Imepita kwa dakika tatu. Sote tukitoka, Mwenyekiti akaniwekea ufunguo wa stoo kwenye mfuko wa shati bila kunitazama. Kiti cha Bi Mwanahawa tunakipeleka Jumatatu, mimi na Bi Rehema.

Nimepita kwa Mzee kumpa habari. Alikuwa bandani. Amefurahi, amesema nimechonga vizuri. Mama Fides ametupa chai ya mchaichai. Nikamtania Mzee kwamba siku ile ya sherehe alitutoa machozi sote, kumbe ni msanii wa maigizo pia.

Hakucheka. Alinieleza akiwa anapiga msasa, hakuinua macho. Ijumaa jioni niliyochukua kiti aliacha kunywa maji. Hakutaka kuomba chooni, maana Mama Fides angembeba na bega lile. Saa nne ya kesho yake ikapita. Saa sita ikapita. Alisikia spika za kwetu kutoka bondeni. Akajua mgeni hajaja, na asipokuja tutaahirisha, na tukiahirisha kiti kitarudi stoo. Alilala amegeukia ukutani siku ile ile kama zamani. Nilikuwa nimemwahidi saa nne. Alipowekwa kitini saa tisa ndipo akajua kwamba hatukumdanganya.

Nimesema pole. Akasema imeshapita hiyo, nipishe mwanga.

Jioni, nyumbani. Nimetoa faili la klabu. Masjala tulifundishwa kwamba neno lililokosewa halifutwi kwa wino mzito wala halibandikwi karatasi, linapigwa mstari mmoja ili lisomeke lilikuwa nini, na aliyekosea anaweka sahihi pembeni. Nimepiga mstari juu ya "ya furaha". Nimeweka sahihi na tarehe. Imebaki: "Mzee Nangumbi akitokwa na machozi."